Victoria ipi? Namna ya kufuatilia jina la mtu mmoja lililosambaa kwenye ramani

Andika "Victoria" kwenye ramani yoyote ya mtandaoni. Utaletewa ziwa letu, maporomoko ya Zambezi, mji mkuu wa Shelisheli, jimbo la Australia, mji wa Mexico, kituo cha treni cha London na kisiwa kikubwa cha Kanada kule kwenye barafu. Ukimuuliza mtu majina haya yametoka wapi, jibu huwa moja: ni yule malkia wa Uingereza. Kwa ziwa na maporomoko, jibu hilo ni sahihi. Kwa kituo cha London ni sahihi nusu. Kwa mji wa Mexico ni kosa tupu.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa jiografia, mwandishi wa historia ya kwao, au mhariri wa kamusi elezo anayetaka kujua jina la mtu lilifikaje mahali fulani, kwa ushahidi na si kwa kudhani. Mfano wetu ni Victoria kwa sababu jina hilo lina kila aina ya mtego. Ukilizoea, Alexandria, George na San José hazitakusumbua. Unahitaji kompyuta ya kawaida, bando la wastani na daftari.

Anza na mwenye jina

Wengi huanza na mahali, na hapo ndipo wanapopotea. Anza na mtu. Tenga ukurasa mmoja uandike majina yake yote, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kupata cheo na tarehe ya kufa. Kwa malkia wetu ni hivi: Alexandrina Victoria, alizaliwa 24 Mei 1819, alirithi kiti 20 Juni 1837, alifariki 22 Januari 1901.

Tarehe hizo tatu ni chekeche. Mahali palipoitwa Victoria kabla ya 1819 hapawezi kuwa pake, hata msemaji awe profesa. Kwa hiyo Vitoria ya nchi ya Wabaski, iliyopewa jina hilo na mfalme Sancho wa Sita wa Navarra mwaka 1181, inatoka. Vitória ya Brazil, ya mwaka 1551, inatoka: jina lake linakumbuka ushindi wa Wareno dhidi ya wenyeji. Vittoria ya Sicily inatoka pia, ila hii ina utamu wake, maana kweli ina jina la mwanamke. Mwanamke huyo ni mwingine: Vittoria Colonna, mtawala wa Modica, aliyeuanzisha mji mwaka 1607.

Mahali palipopewa jina kati ya 1819 na 1837 panahitaji jicho kali. Wakati huo Victoria alikuwa mtoto, baadaye binti mfalme, na ni wachache waliokuwa wakitoa jina lake. Victoria ya Texas ilianzishwa mwaka 1824, malkia mtarajiwa akiwa na umri wa miaka 5. Ciudad Victoria ya Mexico ilibadilishiwa jina mwaka 1825. Miji yote miwili imepewa jina la Guadalupe Victoria, rais wa kwanza wa Mexico, aliyetawala 1824 hadi 1829. Naye hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa José Miguel Fernández y Félix, akajiita Guadalupe kwa heshima ya Bikira Maria wa Guadalupe, na Victoria kwa maana ya ushindi, wakati wa vita vya uhuru dhidi ya Hispania. Mji wa Durango, huko kwao, hata leo jina lake rasmi ni Victoria de Durango.

Baada ya 1837 mlango unafunguka, lakini kufunguka kwa mlango si ushahidi kwamba aliyeingia ni yeye. Chekeche inatupa nje tu. Haithibitishi chochote.

Kwa nini uandike majina *yote* ya mtu? Kwa sababu alibatizwa majina mawili, na lile la kwanza pia limo ramanini. Mwaka 1830 Charles Sturt alishuka na mto Murray huko Australia Kusini akafika kwenye ziwa pana karibu na bahari. Aliliita Alexandrina, kwa heshima ya binti mfalme. Miaka saba baadaye binti huyo alitawala kwa jina la Victoria, ziwa likabaki na jina ambalo watu walikuwa wameshaanza kulisahau. Anayetafuta "Victoria" peke yake atalikosa.

Andika na vyeo pia. Regina, mji wa Saskatchewan, ulipewa jina mwaka 1882: ni "malkia" kwa Kilatini. Queensland, 1859, ni "nchi ya malkia", na jina hilo alilichagua mwenyewe. Bandari ya Cobh huko Ireland iliitwa Queenstown kuanzia 1849, malkia alipoitembelea. Kwa mume na watoto fungua ukurasa mwingine kabisa. Ziwa Albert, lililopewa jina na Samuel Baker mwaka 1864, ni la mumewe. Jimbo la Alberta na Ziwa Louise huko Kanada yote yametoka kwa binti yake, Louise Caroline Alberta. Ukiwachanganya na mama yao kwenye orodha moja, hutaweza kuwatenganisha tena bila kurudia kazi.

Kukusanya orodha bila kuzama

Hifadhidata ya bure inayofaa kuanzia ni GeoNames. Ina faili moja la dunia nzima liitwalo allCountries.zip, na faili ndogo za nchi mojamoja zenye herufi mbili: TZ.zip, KE.zip, ZW.zip, CM.zip na kadhalika. Usipakue la dunia nzima kwa ajili ya kulifungua kwenye Excel. Excel ina kikomo cha mistari 1,048,576, na faili hilo linapita mistari milioni 10. Litakatwa, nawe utabaki na kipande huku ukidhani umeona dunia nzima. Pakua faili za nchi unazozihitaji, uziingize kama maandishi yaliyotenganishwa kwa tabo, na uchague UTF-8, mfumo unaohifadhi herufi zenye alama. Ukikosea hapo, Vitória itageuka takataka ya alama na utafutaji wako utairuka.

Katika kila faili, safu wima ya 2 ni jina lenyewe, ya 3 ni jina lisilo na alama za lafudhi, ya 4 ni majina mengine ya mahali hapo, na ya 8 ni msimbo wa aina ya mahali: PPL ni mji au kijiji, LK ni ziwa, FLLS ni maporomoko, ADM1 ni mkoa au jimbo. Tafuta kwenye safu ya 3 *na* ya 4. Mahali pengi palipokuwa Victoria leo pana jina jingine, na lile la zamani limejificha kwenye safu ya 4.

Tafuta kwa maandishi yote: Victoria, Viktoria, Vitoria, Vittoria, Victoire. Kisha tafuta likiwa na vitangulizi: Fort, Port, Mount, Lake, Point.

Njia ya pili ni Wikidata, hifadhidata huru iliyo ndugu ya Wikipedia. Huko kila kitu kina namba: malkia ni Q9439, na uhusiano wa "kupewa jina la" ni P138. Fungua query.wikidata.org ubandike:

SELECT ?mahali ?mahaliLabel ?alama WHERE { ?mahali wdt:P138 wd:Q9439; wdt:P625 ?alama . SERVICE wikibase:label { bd:serviceParam wikibase:language "sw,en". } }

P625 ni alama za ramani. Iko pale ili ikuondolee mimea, meli na vitu vingine visivyo mahali. Kumbuka yapo hata mayungiyungi makubwa ya Amazon yenye jina hilihili. Bonyeza kitufe cha kuendesha na majibu yatatoka kwa jedwali, na unaweza kuyatazama kama ramani. Sasa angalizo: orodha hii imejazwa na watu kwa mikono. Kilichomo kinahitaji kuthibitishwa, na kisichokuwamo si ushahidi kwamba hakipo. Itumie kama mluzi wa kuita, si kama hukumu.

Kadi ya kila mahali

Kila mahali papewe kadi yake, ya karatasi au mstari wa lahajedwali. Kadi iwe na: aina ya mahali, jina la kabla, mwaka wa kupewa jina, aliyelitoa, alichokusudia, jina la leo, na ushahidi wako. Hii hapa kadi moja ikiwa imejazwa:

Victoria, Kamerun. Mji wa pwani, chini ya Mlima Kamerun. Jina lilitolewa 1858. Aliyelitoa: Alfred Saker, mmisionari wa Kibaptisti kutoka Uingereza, baada ya wamisionari wake kubanwa na Wahispania kisiwani Fernando Po. Alichokusudia: malkia aliyekuwa akitawala. Wajerumani walipoichukua Kamerun jina halikubadilishwa. Jina la leo: Limbe, tangu 1982.

Safu inayowashinda wengi ni ya "aliyelitoa". Ukiona sentensi kama "mji ulipewa jina la malkia" bila kutajwa aliyelitoa, kadi yako bado iko wazi. Mahali hapajiiti. Kuna mtu aliyeshika kalamu: nahodha, mmisionari, gavana, karani wa kampuni. Ukimjua, mara nyingi utajua pia sababu, kwa sababu watu hawa waliandika shajara na ripoti. Ngome ya Victoria kwenye kisiwa cha Vancouver, 1843, ni ya Hudson's Bay Company, yaani wafanyabiashara wa manyoya. Jimbo la Victoria lilitenganishwa na New South Wales tarehe 1 Julai 1851 kwa sheria ya Bunge la Uingereza, kwa hiyo hapo mtoaji ni serikali yenyewe. Victoria ya Hong Kong, 1843, ni ya utawala wa koloni jipya. Victoria ya Shelisheli ilikuwa makazi ya Wafaransa yaliyoitwa kwa Kifaransa "Makazi ya Mfalme", na Waingereza wakaibadilisha 1841. Hapo mfalme alitoka akaingia malkia, jambo ambalo karani yeyote wa koloni angelifurahia.

Tazama miaka hiyo: 1841, 1843, 1843. Malkia mpya hutoa wimbi la majina. Wimbi jingine huja kwenye jubilii zake za 1887 na 1897. Mji mkubwa wa kisiwa cha Gozo, Malta, uliitwa Rabat tangu enzi, na mwaka 1887 ukapewa rasmi jina Victoria. Wenyeji wengi bado wanasema Rabat. Kwa hiyo ukikuta tarehe ya kadi inaangukia jubilii, tafuta sherehe kabla ya kutafuta ugunduzi.

Na katika yote hayo malkia mwenyewe hakuwahi kukanyaga nje ya Ulaya.

Jina la kabla, na namna ya kuliuliza

Hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tuna la kuongeza, kwa sababu ziwa liko mlangoni.

Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alilifikia upande wa kusini, karibu na Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858. Halikuwa halina jina. Wafanyabiashara wa pwani walilijua kama Bahari ya Ukerewe, kwa jina la kisiwa kilichomo. Wajaluo wanaliita Nam Lolwe. Waganda wanaliita Nalubaale, jina linalohusishwa na lubaale, mizimu yao. Bwawa la umeme la Jinja lililojengwa kwenye Owen Falls sasa lina jina hilo. Na kuna Nyanza, ambalo Speke alilishika na kulitia kwenye Victoria Nyanza.

Nyanza si jina la pekee. Ni neno la maji mengi, ndugu wa "nyanja" na wa "ennyanja" ya Kiganda. Mgeni akimuuliza mvuvi "hiki ni nini?" huku akinyoosha mkono kuelekea maji, mvuvi atajibu ni nini: ziwa. Kosa hili limerudiwa dunia nzima, na limo hata kwenye vitabu vyetu vya shule. "Ziwa Victoria Nyanza" ni ziwa mara mbili. "Ziwa Nam Lolwe" vilevile, kwa kuwa *nam* tayari ni ziwa.

Kwa hiyo unapomuuliza mzee jina la zamani la mahali, usianze na "zamani paliitwaje?" Swali hilo linamlazimisha atoe jina moja kwa mahali pazima, wakati huenda hapakuwa na jina la mahali pazima. Uliza anayoyafanya: mnakwenda kuvua wapi, ng'ombe mnanywesha wapi, mtumbwi unatoka wapi ukielekea wapi. Majina yatamiminika ya ghuba, rasi, visiwa na bandari. Uliza ng'ambo ya pili pia, maana ziwa lenye lugha nyingi pembezoni lina majina mengi na kila moja ni la kweli kwa wenyewe. Andika mzungumzaji ametoka upande gani. Mwishoni waulize mahali pazima, na ukubali jibu la "ni nyanza tu".

Maporomoko ya Zambezi yana bahati ya kuwa na kumbukumbu nzuri. David Livingstone aliyaona Novemba 1855, akaandika jina alilopewa na Wakololo: Mosi-oa-Tunya. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kwa neno la kwanza; *mosi* ni moshi uleule, na jina zima ni moshi unaonguruma. Ndipo akaweka Victoria, akieleza kwamba hilo ndilo jina pekee la Kiingereza alilobandika katika nchi ile. UNESCO iliyaorodhesha mwaka 1989 kwa majina yote mawili, na hifadhi ya upande wa Zambia inaitwa Mosi-oa-Tunya huku ya Zimbabwe ikiitwa Victoria Falls. Kadi yako iwe na yote mawili, kila moja na upande wake wa mto.

Jina linashikaje?

Kutoa jina ni rahisi. Kazi ni kulifanya lishike, na kadi isiyojibu hilo ni nusu kadi. Majina mengi ya wapelelezi yalikufa kwenye shajara zao. John Wood alifika kwenye ziwa la Pamir mwaka 1838, huko mpakani mwa Tajikistan na Afghanistan, akapendekeza liitwe Victoria. Hata kwenye ramani chache za Ulaya likaandikwa hivyo. Leo ni Zorkul, na ni wachache wanaojua kwamba kuliwahi kuwa na Ziwa Victoria jingine, tena miaka 20 kabla ya letu.

Letu lilishika kwa sababu ya karatasi zilizofuata. Speke alipeleka habari London, kwenye chama cha kijiografia kilichomtuma, ramani zikachapwa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi, mstari wao uliishia pale latitudo ya digrii 1 kusini inapokata upande wa mashariki wa Victoria Nyanza, na mwaka 1890 ukavushwa ziwani kuelekea magharibi. Kuanzia hapo jina likawa neno la mkataba. Kisha reli ya Uganda ikafika ziwani 1901. Shajara, ramani iliyochapwa, mkataba, reli: fuata mlolongo huo kwa kila mahali, na andika jina lilifika hatua ipi. Zorkul ilikwama kwenye ramani.

Reli hiyohiyo ina mfano mzuri wa jina lililoshika kidogo likaanguka. Kituo chake cha mwisho kiliitwa Port Florence, jina la mke wa mhandisi Ronald Preston. Leo ni Kisumu. Vivyo hivyo Entebbe iliwahi kuitwa Port Alice, kwa mke wa Gerald Portal. Mke wa mhandisi hana mkataba wa kumshikilia.

Kwa ushahidi wa hatua hizi tumia ramani za zamani. Mkusanyo wa David Rumsey na wa Maktaba ya Taifa ya Uskoti ni wa bure mtandaoni. Tafuta ramani tatu za eneo lako: moja kabla ya mwaka wa kutolewa jina, moja ndani ya miaka 10 baadaye, na moja ya baada ya uhuru. Angalia mwaka wa *upimaji*, si wa kuchapwa tu. Wachapaji walinakili bamba la zamani kwa miaka mingi, na jina lililokufa huendelea kuonekana.

Mtu, au mahali pengine?

Jaza kwenye kila kadi kama jina lilitoka kwa mtu moja kwa moja au lilipitia mahali pengine. Mji wa Victoria Falls haukupewa jina la malkia, ulipewa jina la maporomoko. Kituo cha Victoria cha London, 1860, kilipata jina kutoka mtaa wa Victoria Street ulio karibu. Laini ya treni ya chini ya ardhi iitwayo Victoria, 1968, ikapata kutoka kwenye kituo. Malkia yuko hatua tatu nyuma. Ndiyo maana tulisema ni sahihi nusu.

Mnyororo mrefu kuliko wote tunaoujua unatoka nje ya dunia. Kwenye sayari ya Mihiri kuna kreta iitwayo Victoria, yenye upana wa mita 750 hivi. Gari la uchunguzi Opportunity liliifikia Septemba 2006, na wanasayansi waliokuwa wakiliongoza walikuwa na desturi ya kutumia majina ya meli za wapelelezi. Victoria ni meli ya kundi la Magellan, iliyokuwa ya kwanza kuzunguka dunia. Lakini kanuni rasmi zinataka kreta ndogo za Mihiri zipewe majina ya miji midogo ya dunia. Kwa hiyo rasmi kreta hiyo ina jina la Victoria ya Shelisheli. Kadi moja, njia mbili: moja inaishia kwenye meli ya karne ya 16, nyingine inapita Mahé, kisiwa cha Shelisheli ulipo mji huo, na kuishia kwa malkia. Usiifute mojawapo. Andika "rasmi" na "mazoea", kila moja na ushahidi wake.

Mtego mwingine ni wa Wajerumani. Binti mkubwa wa malkia, aliyeolewa Prussia, naye aliitwa Victoria, na mke wa Kaiser Wilhelm wa Pili aliitwa Augusta Victoria. Jengo maarufu la Augusta Victoria kwenye Mlima wa Mizeituni, Yerusalemu, ni la huyu wa pili. Penye bendera ya Ujerumani kabla ya 1914, usimtaje malkia wa Uingereza mpaka umwone mtoaji.

Unapoandika matokeo kwa Kiswahili

Kiswahili kinakusaidia kuliko Kiingereza, ukikiacha. Tanguliza aina ya mahali, na upatanisho utawatenganisha wenyewe: *ziwa* Victoria *limepanda*, *mji* wa Victoria *umekua*, *jimbo* la Victoria *lilijitenga*, *maporomoko* ya Victoria *yamepungua*. "Victoria imekua" haisemi kitu. Ongeza nchi mara ya kwanza unapoitaja. Kwa ziwa letu utakutana na Victoria na Viktoria. Chagua moja ushikamane nayo hadi mwisho.

Jina likibadilika, usifute kadi. Fort Victoria ya Zimbabwe, iliyojengwa 1890 na msafara wa walowezi, ilibadilishwa mwaka 1982, kwanza ikawa Nyanda, kisha Masvingo, jina linalohusiana na kuta za mawe za Zimbabwe Kuu. Mwaka huohuo wa 1982 Kamerun nayo ikaifanya Victoria yake Limbe. Mji wa Victoria Falls ukaachwa kama ulivyo, na kwa maoni yetu watalii wana mkono wao hapo. Hifadhi kadi ya Masvingo kwenye V na nakala yake kwenye M, na kwenye zote mbili uandike tarehe uliyoangalia mara ya mwisho.